Nguo Isiyouzika Si Sadaka

Nyuma ya mlango wa nyumba nyingi za hapa Majengo kuna gunia. Ndani yake mna nguo ambazo hakuna azivaaye tena: sketi iliyobana, shati la mtoto aliyekwisha kukua, koti la marehemu, suruali ambayo mwenyewe anasema kila mwaka kwamba ataipeleka kwa fundi. Gunia hilo halifanyi kazi yo yote ila kula nafasi, na nyumba zetu za mbao si kubwa. Basi siku moja mama mwenye nyumba huchoka nalo, akauliza: “Gunia hili tulitoe sadaka, au tulipeleke soko la Virunga tukaliuze?”

Shauri hili lilifika kwangu juzi, baada ya mkutano wa shirika letu. Mama wawili majirani walikuwa wakibishana. Wa kwanza, ambaye mume wake ana mshahara, alisema: “Dada, kuuza nguo kuukuu huku watu wanatembea uchi ni aibu kwa Mkristo.” Wa pili, mjane mwenye watoto watano, alijibu: “Aibu gani, Mama? Watoto wangu watakula aibu? Na hao unaowapa, kesho utaziona nguo zako sokoni.” Wakanigeukia mimi, wakasema: “Baba, wewe ni mzee wa shirika, amua.”

Sikuamua siku ile. Leo naamua, tena mbele ya wote, maana gunia hilo si la mama wawili tu. Naanza kwa kusema kwamba wote wawili waligombana juu ya gunia pasipo kulifungua. Swali la kwanza si kutoa au kuuza. Swali la kwanza ni hili: humo ndani mna nini? Nami nasema bila kuzunguka: nguo isiyouzika si sadaka. Kama hakuna mtu sokoni ambaye angeinunua hata kwa bei ndogo, basi usiithubutu kuipeleka kanisani na kuiita zawadi kwa maskini.

Najua wako watakaokasirika. Nawaomba wanisikilize kwanza, maana mimi nimejifunza neno hili kwa haya yangu mwenyewe.

Mnakumbuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Mbingu ilikuwa nyekundu juu ya Nyiragongo, na moto ukashuka hadi Buhene, jirani zetu kabisa. Nyumba zaidi ya 3,000 zikaliwa. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali ikaamuru mitaa kumi ya mji ihame, na Majengo ulikuwa mmoja wa hiyo kumi. Tulikimbia, wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine kwa mashua. Tuliporudi tukawakuta ndugu ambao hawakuwa na pa kurudi. Mahali pa nyumba zao palikuwa na mawe meusi yenye joto bado.

Ndipo tukaombwa nguo. Watu wakaleta magunia kwa wingi, nasi tukasifiana sana. Mimi niliwekwa katika kundi la kuchambua. Tukayafungua. Enyi ndugu, tuliona nini? Mashati bila vifungo. Suruali zenye zipu zilizokufa. Viatu vya upande mmoja. Nguo za ndani ambazo sitazieleza hapa. Sweta lililoliwa na panya. Tulipomaliza, rundo la nguo za kuvaliwa lilikuwa dogo kuliko rundo la matambara. Na kwa kuwa watu walikuwa wengi wakingoja, tukafanya kosa: tukagawa na matambara pia.

Mama mmoja kutoka Buhene alipewa sketi yenye tundu kubwa la pasi mbele. Aliinyoosha, akaitazama, akatabasamu kwa adabu, akasema: “Asante, wazee. Hii ingefaa kupangusia chini. Lakini chini sina.”

Hakuna aliyejibu. Nami nikainama kuchukua nguo nyingine ili nisimtazame usoni, na mkononi mwangu nikaona suruali ya kijivu iliyochanika kwenye matako. Niliijua. Ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeileta, tena nilikuwa nimejisikia mwema njia nzima kutoka nyumbani.

Basi, tangu siku ile nimekuwa nikiwatazama mama wanaouza mitumba kwa jicho jingine. Tunawadharau, ati wanafanya biashara ya nguo za watu. Lakini mwangalieni mwuza mitumba anavyofanya kazi yake. Amenunua mzigo uliofungwa, hajui ndani mna nini. Anaukata kamba, anazichambua nguo moja moja: daraja la kwanza, daraja la pili, na zile za mwisho ambazo atazitupa chini kwenye turubai kwa bei ya kutupa. Mnunuzi naye anakuja. Anainua shati juu ya jua aone kama lina tundu. Anavuta zipu mara tatu. Ananusa kwapa. Anageuza kola. Kisha anasema “Punguza, Mama,” au anaondoka. Mnunuzi mwenye vifranka vichache tu ana haki ya kukataa, na mwuzaji hawezi kumkasirikia.

Lakini yule tunayempa bure hana haki hiyo. Yeye lazima apokee, tena aseme asante. Kumbe asante nayo ni malipo! Tunamwuzia tambara, naye analipa kwa heshima yake. Biashara ya namna hiyo hata Virunga haipo.

Sasa nisikilize hoja za wapinzani wangu, nizijibu moja moja.

Wa kwanza husema: “Maskini hachagui. Asiye na kitu, hata tambara ni kitu.” Neno hili ni la kawaida midomoni mwetu, nalo ni baya. Tazameni Martino Mtakatifu, yule askari wa karne ya nne. Alikutana na maskini uchi langoni pa mji wa Amiens, huko Ufaransa, wakati wa baridi kali. Hakumwambia, “Ngoja, nyumbani nina gunia.” Alichomoa upanga, akalikata vipande viwili joho la askari alilokuwa amelivaa saa ile, akampa nusu. Nusu ya kitu kizuri, siyo kitu kizima kilichooza. Tazameni pia habari za Dorkasi wa Yafa katika Matendo ya Mitume. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea. Nawauliza: kama Dorkasi angaliwapa matambara, wajane wangaliyaleta mbele ya Mtume na kuyaonyesha? Wangaliyaficha, kama sisi tunavyoficha aibu ya mtu aliyetutendea vibaya.

Wa pili husema maneno ya yule mjane: “Ukiwapa, wanauza.” Hili husemwa sana, hasa na watu wenye mali. Wakati kambi za Kanyaruchinya na Bulengo zilipojaa watu waliokimbia vita vya Rutshuru na Masisi, nilisikia malalamiko kila Jumapili: tumewapa mablanketi, wameyauza, tumewapa nguo, ziko sokoni. Nami nauliza: na kama wameuza, kuna nini? Ulipompa mtu koti, koti limekuwa lake au bado ni lako? Kama ni lake, ana haki ya kulivaa, kumpa ndugu yake, au kuliuza anunue chumvi. Mama mwenye mtoto wa homa hahitaji koti la pili, anahitaji dawa. Mama aliyepewa mahindi asiyekuwa na makaa, atayapika na nini? Yeye ndiye ajuaye njaa ya nyumba yake kwa siku hiyo, siyo wewe uliyekaa Majengo.

Tena fikirini vizuri, mtaona kwamba hoja hii inasimama upande wangu. Nguo nzuri ni zawadi mara mbili: akiihitaji ataivaa, asipoihitaji itamletea unga. Tambara si nguo wala si unga. Kwa hiyo anayelalamika kwamba maskini wameuza zawadi yake, na afurahi! Ni dalili kwamba alitoa kitu chenye thamani. Mimi suruali yangu ya kijivu hakuna mtu angaliyeweza kuiuza, na hapo ndipo dhambi yangu ilipokuwa.

Wa tatu ni mwenye elimu. Yeye husema: “Nguo za bure zinaua kazi ya mafundi wetu na biashara ya mama zetu.” Hoja hii ina uzito, nami sitaipuuza. Ni kweli nguo kuukuu kutoka nchi za mbali zimewaumiza washonaji wa Afrika. Mwaka 2008 mtaalamu wa uchumi Garth Frazer alitangaza hesabu yake: kati ya mwaka 1981 na 2000, karibu asilimia 40 ya kupungua kwa utengenezaji wa nguo Afrika kulitokana na kuingizwa nguo hizo. Jirani zetu wa Rwanda waliona shida hiyo, na mwaka 2016 wakapandisha ushuru wa nguo kuukuu, zile wanazoziita caguwa, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na senti 50 kwa kilo. Marekani haikupendezwa, mwaka 2018 ikaiondolea Rwanda nafuu ya kupeleka nguo zake huko bila ushuru. Na tangu hapo, kila mtu wa Goma ajua kwamba wako waliovuka mpaka kuelekea Gisenyi wamevaa nguo tatu nne, moja juu ya nyingine, ili wakaziuze upande wa pili.

Lakini tuelewe vizuri mto huo unatoka wapi. Mtu wa Ulaya au Marekani anatia nguo zake katika sanduku la msaada, akidhani zitamfikia maskini bure. Sehemu kubwa haziendi bure. Zinauzwa kwa makampuni, zinachambuliwa, zinafungwa kwa mashine, zinapimwa kwa kilo, zinapanda meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, na kutoka bandarini zinakuja kwa magari mpaka kwetu. Iliyokuwa sadaka kule, imekuwa bidhaa hapa, na mama wa Virunga ameinunua kwa fedha zake au kwa mkopo. Hapati bure hata soksi moja. Basi msimwite mama huyo mwizi wa sadaka. Yeye ni mfanya kazi kama sonara na seremala.

Na je, mashati mawili unayompa jirani aliyeunguliwa nyumba yataua kazi ya fundi? La hasha. Kinachomwua fundi ni mizigo ya meli, siyo mkono wa jirani. Tena nitawaonyesha njia ya kumsaidia fundi kwa gunia lile lile. Nguo iliyopasuka kidogo, zipu iliyokufa, kifungo kilichopotea: zipeleke kwanza kwa fundi wa cherehani aliye barazani pale njiani. Mlipe. Kisha zifue, zipige pasi, ndipo uzitoe. Kwa tendo moja watu wawili wamepata: fundi amepata kazi, na maskini amepata nguo. Na wewe umetoa kitu cha kwako kweli, siyo kitu ulichokuwa ukitafuta mahali pa kukitupa.

Sasa nirudi kwa mjane wetu. Je, anatenda dhambi akiuza? Nasema kwa nguvu: hapana. Mwaka 2025, vita vilipoingia mjini mwezi wa Januari na benki zikafunga milango, tuliona watu wenye heshima wakibeba viti, redio na nguo zao za harusi kwenda kuziuza. Mwenye akiba hakuweza kuipata, mwenye mshahara hakulipwa. Nani atawahukumu? Watoto wa mjane ndio maskini wake wa kwanza, Mungu mwenyewe amemkabidhi. Akiuza koti la marehemu mume wake na watoto wakala bugali na sombe jioni ile, koti hilo limefanya kazi ya huruma. Asije mtu kumwambia kwamba alipaswa kulitoa. Afadhali yule anayemwambia hivyo alete koti lake mwenyewe.

Lakini kuna kuuza kwingine ambako sikuvumilii, na hapa sitasema kwa upole. Ni kule kuuza kunakojificha chini ya jina la sadaka. Nimeona kwa macho yangu nguo zilizokusanywa kwa jina la waliokimbia vita. Na kabla hazijafika, waliopewa kazi ya kuzitunza wakachagua. Koti la ngozi likaenda kwa shangazi. Viatu vipya vikaenda kwa mtoto wa fulani. Nyingine zikaonekana sokoni Jumatatu. Waliokimbia wakabakiziwa yale matambara. Sitaji kundi wala mtu, kila mmoja ajitazame. Huo ni wizi, nao ni mbaya kuliko wizi wa duka, kwa maana mwenye duka ataweza kwenda polisi, lakini maskini hajui hata kwamba ameibiwa. Yeye atawaombea baraka walewale waliomwibia.

Kama shirika linaona ni afadhali kuuza nguo zilizotolewa na kuwapelekea ndugu fedha, nalo si baya. Baada ya Februari 2025, kambi za kandokando ya mji zilipofungwa na watu wakaambiwa warudi kwao Masisi na Rutshuru, gunia lilikuwa zito kubeba na fedha zilikuwa nyepesi. Lakini jambo hilo lisemwe mapema, kabla ya kukusanya, ili mtoaji ajue. Kisha hesabu isomwe kwa sauti mkutanoni: nguo ngapi, zimeuzwa kwa bei gani, fedha zimefika kwa nani. Anayeogopa hesabu kusomwa, asipewe gunia.

Basi, ndugu zangu wa Majengo, tufanye nini? Mambo ni mepesi. Tandika mkeka, umwage gunia lote, ufanye mafungu matatu.

Fungu la kwanza: nguo nzima, safi, ambazo wewe mwenyewe ungezinunua kama ungezikuta sokoni. Hizi ndizo zenye swali la kutoa au kuuza. Na jibu si gumu: atazame chungu chake. Ambaye chungu chake ni kitupu, auze bila haya. Ambaye amekula jana, amekula leo, na anajua atakula kesho, atoe, na asitafute visingizio.

Fungu la pili: zile zinazoweza kupona. Hizi ni za fundi kwanza, kisha zinahamia fungu la kwanza.

Fungu la tatu: matambara. Haya ni mali yako. Pangusia chungu, pangusia baiskeli, jazia mto, funikia mbegu. Usiyapeleke kanisani. Usimfanye maskini kuwa shimo lako la takataka.

Na ukitoa, toa kwa adabu. Nguo ifuliwe, ikunjwe, ipelekwe mchana, siyo kuachwa mlangoni usiku kama mtu anayekimbia deni. Piga hodi. Mwambie mwenye nyumba: “Mama, hizi zilikuwa za mtoto wangu, zimembana, kama zitawafaa wako, nitafurahi.” Naye awe na uhuru wa kusema, “Asante, baba, ila hii moja haitatufaa.” Akisema hivyo, usinung’unike. Amekuheshimu, maana amekujibu kama jirani.

Wale mama wawili nimewajibu hivi hivi. Mjane aliuza, akanunua unga na daftari mbili. Yule wa kwanza alinuna kidogo, kisha akaenda nyumbani kufungua gunia lake. Alirudi kwangu baada ya siku mbili, akaniambia kwa sauti ya chini: “Baba, fungu la tatu ndilo kubwa.” Nikamwambia asione haya, hata langu lilikuwa hivyo. Akatoa kabatini vitenge viwili alivyokuwa akivivaa bado, akaniuliza kama vingefaa.

Jumamosi hii, wapenzi, kabla ya kwenda kwenye mkutano wa shirika, kila mmoja afungue gunia lake. Mimi nitaleta suruali. Safari hii ni nzima, na zipu yake nimeijaribu mara tatu.